Bomba la Chumba Namba Kumi na Nne

Kijiwe chetu kiko nyuma ya hoteli, si mbele. Mbele kuna maua na mlinzi mwenye kofia. Huku nyuma kuna geti la wafanyakazi, mapipa ya taka, kamba za kuanikia mashuka, na benchi moja la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Mimi ni fundi viatu, na benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wakikaa sana mahali husahau nani aliwakaribisha. Wenyewe ni watatu. Wa kwanza Mzee Funguo, aliyekaa mapokezi ya hoteli hii miaka ishirini na nane akigawa funguo mpaka akastaafu, na bado anakuja kila siku kama mtu aliyesahau kitu mle ndani. Wa pili Sanduku, mchuuzi wa vipuri vya cherehani anayezunguka miji, aliyelala hotelini siku nyingi kuliko alizolala kwake. Wa tatu ni Spana, fundi bomba wa hoteli, ambaye asubuhi hiyo alishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili na hakukinywa. Kahawa anauza Shangazi. Si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini jaribu kumwita dada uone.

— Kunywa, Spana, inapoa, — Shangazi alimwambia.

— Sina hamu.

— Mtu hakosi hamu ya kahawa hivihivi. Ama anaumwa, ama amefukuzwa kazi.

— Bado, — Spana akasema. — Mpaka saa sita.

Sanduku, ambaye kunyamaza kwake huwa ni kuvuta pumzi tu, akawa wa kwanza kuuliza.

— Bado lile bomba?

— Lile lile. Chumba namba kumi na nne. Meneja ameniita ofisini, hakunikaribisha hata kiti. Anasema mgeni aliyemo sasa anaondoka saa sita, na kabla ya kuondoka atajaza fomu. Akiandika kwamba ameisikia ile sauti, nirudishe vifaa na ufunguo wa stoo yangu.

— Kwani linalia vipi hasa? — Sanduku aliuliza, na alikuwa ameshaelezwa mara kumi.

— Mgeni wa kwanza aliandika "kama mtu analia." Mwingine, "kama paka." Mwingine, "mluzi mdogo ukutani." Kila asubuhi, kuanzia saa nne mpaka nne na nusu hivi. Halafu basi.

— Na ukienda wewe?

— Kimya! Naenda na tochi, naenda na nyundo, nagonga bomba kutoka koridoni mara tatu kama nilivyofundishwa, nijue lina hewa au halina. Nabandika sikio. Kimya kabisa. Nimebadilisha koki. Nimebadilisha tangi. Wiki iliyopita nimevunja vigae vya bafu, nimeng'oa bomba zima, nimeweka jipya, limetoka dukani na karatasi yake. Kesho yake mgeni akapiga simu mapokezi: linalia.

— Debe tupu haliachi kuvuma, — Mzee Funguo akasema kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kesi. — Bomba lako halina maji, kijana.

— Lina maji, Mzee wangu.

— Basi limejaa sana.

— Mzee, — nikamwambia, — methali hiyo inawasema watu wasio na akili. Haihusu mabomba.

— Na wewe umeona tofauti?

Mimi si mtu wa kuvumilia upuuzi asubuhi, lakini nilikuwa nimesharudisha uzi mdomoni, nikamwacha.

— Ngojeni niwaambie, — Sanduku akajisogeza katikati ya benchi, ishara mbaya. — Nimelala hoteli miaka kumi na saba. Hakuna bomba hapo. Hoteli zote zinalia, kwa sababu hoteli zote zimetengenezwa ili mtu asipumzike.

— Haya, ameanza, — Shangazi akasema.

— Nimeanza ndiyo! Chukua mto. Mto wa hoteli ama ni jiwe ama ni hewa. Wa katikati upo wapi? Chukua pazia. Pana kote, ila limepungukiwa pale pale jua linapoingilia. Chukua taa. Unalala, unataka kuzima, swichi iko mlangoni, unazima, unarudi kitandani gizani, unagonga kidole cha mguu. Kila hoteli, kidole kile kile! Bomba lililoandikwa moto linatoa baridi. Lililoandikwa baridi linakohoa.

— Si hapa kwetu, — Spana akasema kwa uchungu.

— Si hapa kwenu. Nazungumzia dunia. Sabuni ndogo kama jino. Rimoti haina betri. Unaambiwa chai mpaka saa nne, unashuka saa tatu na nusu, mtu anafuta meza na kukutazama kama mwizi. Halafu kunguni! Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walilala hotelini wale, usibishe.

— Sasa hiyo njama ni ya nani na ya nini? — nikamuuliza.

— Ili uondoke mapema, chumba kipate mwingine. Fikiri! Mtu aliyelala vizuri anakaa mpaka saa sita. Mtu aliyesumbuliwa, saa moja yuko njiani. Nawaambia ndani ya ule ukuta kuna kinanda. Meneja mwenyewe anabonyeza.

— Meneja ambaye anataka kunifukuza mimi kwa sababu ya hiyo sauti? — Spana akauliza.

Sanduku akainua kidole.

— Ndiyo ujue ni mjanja.

Mzee Funguo alikuwa ameshakasirika. Ukimsema vibaya mama yake atakusamehe, lakini si hoteli.

— Mgeni ndiye mwenye matatizo, — alisema. — Nimekaa pale dirishani miaka ishirini na nane, nimeona. Mtu anatoka kwake na shida zake, anazifungia kwenye begi pamoja na soksi, akifika kwangu anazifungua. Mmoja alilalamika kwamba jirani anamkoromea, hapati usingizi. Nikapanda mwenyewe kusikiliza. Chumba cha jirani hakikuwa na mtu! Alikuwa anakoroma yeye, anajiamsha yeye, ananipigia simu yeye.

— Huyo tulimsikia mwaka jana, Mzee, — Shangazi akamwambia.

— Msikie tena. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Maana yake, mgeni asiseme kitu.

— Lakini mgeni ndiye anayelala ndani, Mzee! — nikasema.

— Ndiyo, ila si yake.

Basi nikaacha. Kuna siku methali zinapigwa mpaka unazionea huruma.

— Kama si bomba, — Mzee akaendelea kwa sauti ya chini, — mimi najua ni nini. Kulikuwa na mgeni namba kumi na nne, zamani sana, aliondoka na ufunguo. Hakuaga. Niliandika barua tatu. Chumba ambacho ufunguo wake uko mbali kinaita, jamani. Kinaita mwenyewe arudi.

— Chumba kinaita? — nikamuuliza.

— Kwa hiyo kinanda ukutani ndiyo akili, na hii yangu siyo?

— Zote si akili, — Sanduku akasema, na ukarimu wake ulinishangaza mpaka alipoendelea. — Ni mchanga. Hoteli hii ilijengwa kwa mchanga wa mtoni. Mchanga uliozoea maji, ukikaa mkavu miaka thelathini, ukisikia tu maji yanapita bombani karibu yake, unakumbuka. Unalia.

— Mchanga unakumbuka, — Shangazi akarudia polepole, akamtazama. — Wewe mkeo humkumbuki mwezi wa pili huu, mchanga ndiyo unakumbuka.

Tulicheka, hata Spana alijaribu, ila cheko lake liliishia puani. Iliniuma roho, sitasema uongo. Miaka tisa namwona akiingia getini saa moja kamili, na mkewe nyuma yake hatua mbili, wote na sare za hoteli, mkewe akiniita fundi mbaya wa viatu vizuri. Mtu akifukuzwa peke yake anarudi nyumbani. Sasa mtu akifukuzwa mahali ambapo mkewe anabaki, kila asubuhi atamtazamaje akivaa sare?

— Hiyo fomu, — Mzee Funguo akauliza, — bado ni ile ile? Visanduku vinne? Maji, Umeme, Usafi, Samani?

— Ile ile.

— Niliichora mimi. Kwa rula. — Akakaa sawasawa. — Kabla yangu wageni walikuwa wanaandika barua, ukurasa mzima, mtu anakueleza mpaka ndoto zake. Nikasema hapana. Visanduku vinne, weka alama, kwaheri.

— Na kelele mliziweka wapi? — Shangazi akauliza.

— Kwenye Maji. Kelele zote za hotelini ni bomba.

— Zote?

— Shangazi, ungeziweka wapi? Kwenye Samani?

Ndivyo ilivyokuwa, na wala hakuna aliyeona ajabu. Mgeni akiandika pembeni kwamba amesikia mtu analia, karani anaweka alama kwenye Maji, na alama ya Maji inashuka kwa fundi bomba. Spana anapanda na nyundo. Mimi mwenyewe niliona ni utaratibu mzuri.

— Saa yako si imefika? — nikamuuliza Spana. — Saa nne imeshapita. Huendi kugonga leo?

— Siendi. Nimechoka. Nimegonga mwezi mzima. Likitaka kulia, lilie.

Wakati huo akatokea mama mmoja wa makamo, anachechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kamba ya kisigino ilikuwa imekatika. Begani alikuwa na mkoba mkubwa.

— Hamjambo? Nimeambiwa hapa kuna fundi.

— Hatujambo, mama. Karibu, fundi ni mimi. Hawa wanaharibu benchi tu.

— Nishonee, mwanangu, ila upesi. Gari linanifuata saa sita.

Akakaa ukingoni. Sanduku akampa nafasi, jambo ambalo kwangu hajawahi kulifanya.

— Mama unakaa hotelini hapo? — akamuuliza.

— Siku tatu. Nimekuja kumwona binti yangu, amejifungua, kwao hakuna nafasi.

— Hongera, mama! Na chumba umepewa namba ngapi?

— Kumi na nne.

Spana akaweka kikombe chini. Mzee Funguo akavua miwani, akaivaa tena. Nami nikachoma sindano kwenye kidole changu mwenyewe, baada ya miaka ishirini ya kazi hii.

— Chumba kizuri sana kile, — Sanduku akasema haraka.

— Kina hewa, — Mzee Funguo akaongeza. — Na historia.

— Kizuri, — mama akakubali. — Bafu jipya kabisa, hata saruji haijakauka vizuri. Maji yanatoka kama mvua. Aliyefanya kazi ile ana mkono.

Spana akajisogeza karibu naye.

— Na... kelele? — akauliza. — Hujasumbuliwa na kitu, mama?

Mama alimtazama. Halafu akafungua mkoba, akatoa karatasi. Ilikuwa ile fomu. Visanduku vinne, vyote vitupu.

— Nimesumbuliwa, — alisema. — Sauti ile nimeisikia siku zote tatu.

— Mama, nakuomba. — Spana alisimama, akakaa, hakujua mikono aiweke wapi. — Nakuomba kwa huyo mjukuu uliyempata. Usiandike. Mimi ndiye fundi. Nimebadilisha kila kitu, sijaacha kitu. Nina miaka tisa hapo, na mke wangu yuko humo humo. Ukiweka alama kwenye Maji, saa sita mimi sina kazi.

— Kumbe wewe ndiye unayegonga?

— Ndiyo mimi.

— Mara tatu.

— Mara tatu, ndiyo, kupima hewa...

— Ukigonga, ananyamaza, — mama akasema. — Anapenga kamasi. Halafu nasikia anakung'uta nguo, anakunja, anakung'uta, anakunja. Ukishaondoka anamalizia kidogo, taratibu. Baba, lile si bomba. Yule ni mtu.

Nilitazama kiatu. Nilisikia mashuka yanapigapiga kwenye kamba.

— Upande wa pili wa ule ukuta kuna nini? — mama akauliza.

Swali hilo wote tulilijua jibu lake. Mzee Funguo alijua kila mlango wa hoteli ile akiwa amefumba macho, na ndiye aliyeinamisha kichwa wa kwanza. Lakini alijibu Spana, kwa sababu ndiye aliyeulizwa.

— Stoo ya mashuka.

— Kuna wengi humo?

— Yuko mmoja, — Spana akasema. — Mke wangu.

Sanduku akakohoa.

— Labda ni ile sabuni ya mashuka, mama. Ile ya unga ina ukali, inaingia machoni, mtu anaweza akatoa machozi hata...

— Mwanangu, nimezika mume, nimelea watoto watano. Kilio nakijua.

— Ndiyo, mama.

— Siku ya kwanza alilia kwa sauti. Jana alikuwa ameziba mdomo na kitu. Taulo, nadhani. Inatoka kama mluzi.

Spana alikuwa anatazama mikono yake.

— Juzi nilimwambia, — alisema. — Tulikuwa tunakula. Nilimwambia lile bomba litanitoa kazini. Akaniuliza, kwani wanasema linalia kwa nguvu sana? Nikamwambia sana, mpaka ng'ambo ya ukuta. Akasema, pole mume wangu. Akaniongezea mboga.

Shangazi alifunika uso kwa kanga yake. Mimi nilikuwa na hasira, sijui ya nani. Ya fomu, ya Mzee na rula yake, ya mimi mwenyewe. Yule mwanamke alikuwa ananipita mara mbili kwa siku miaka tisa, ananitania, namjibu utani, basi. Sikuwahi hata kumtazama macho.

— Analia nini? — mama akauliza.

Aliuliza taratibu tu, kama anayeuliza njia.

— Shemeji ni mtu wa kucheka sana, — Mzee Funguo akasema.

— Anacheka, — Spana akakubali. — Nyumbani anacheka. Mama yake mzima, nilimsikia Jumapili kwenye simu. Watoto wako shule, hawajarudishwa kwa ada. Mimi sinywi. Sijamwinulia mkono hata siku moja, muulizeni. Hajaniambia anaumwa. Chakula anakula. — Alikuwa anahesabu kwa vidole, mmoja mmoja, na vidole vikamwishia. — Sijui. Mama, mimi sijui.

— Umewahi kumuuliza?

— Ningemuuliza nini? Yeye ndiye huniuliza mimi. Kila siku nikifika ananiuliza, umelipata?

Mama alikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye mkoba.

— Sina cha kuandika humu, — alisema. — Tangu asubuhi natafuta pa kuweka alama, sipaoni. Nitawapa hivyo hivyo, tupu. Kazi yako iko salama, baba.

Nilitegemea Spana ashukuru. Tangu asubuhi hilo ndilo tulilokuwa tunaliomba, wote wanne, kila mtu kwa upumbavu wake. Hakushukuru. Sidhani kama alisikia.

— Umeondoka chumbani sasa hivi? — akamuuliza.

— Sasa hivi.

— Alikuwa...

— Yuko anaendelea. Leo hakuna aliyegonga.

Spana akainuka. Mfuko wake wa vifaa aliuacha pale pale miguuni mwetu. Akatembea mpaka getini, akafungua, akaingiza mguu mmoja. Kutoka benchini unaiona ile ngazi ya nyuma, na juu yake dirisha dogo la stoo ya mashuka, lenye wavu. Alilitazama lile dirisha. Halafu akarudi, mbio mbio kidogo, kama mtu aliyesahau chombo cha kazi, akasimama mbele yetu. Macho yalikuwa mekundu.

— Nyie mnajua kuongea, — alisema. — Nikifika, nimwambie nini?

Alianza kwa Mzee Funguo. Mzee akatafuta mfukoni, sijui alitafuta nini. Akamtazama Sanduku, na Sanduku akatazama barabara. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe kisichokuwa cha mtu, likatoa tone moja, akaendelea kuliinamisha. Mama yule akasema kwa upole kwamba yeye ni mgeni tu.

Halafu akanitazama mimi. Kiatu kilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa nimeshamaliza kukishona zamani. Nikainama, nikaendelea kushona.